Kigari cha Barabara ya Kumi na Nne

Nilikinunua Tangamano, siku ya Jumamosi,
elfu kumi na nane baada ya kuvutana sana na muuzaji,
gurudumu la mbele likilia kama kifaranga.
Mfukoni mwake mlikuwa na glavu moja ya sufu,
ndogo, ya mkono wa kushoto, ina chembe za biskuti.
Mtoto wa baridi ipi aliiacha humo, sijui.
Mbwana alikuwa na miezi saba,
mgongo ndio kwanza umekaza.

Sasa ana miaka mitatu na miezi minne.
Magoti yamefika kidevuni.
Visigino vinaburura lami:
viatu vimelika nyuma, mbele vipya.

Mama mkwe akija kutoka Pongwe
hukitazama kigari kama mtu atazamavyo deni.
"Mtoto umsukumavyo," husema,
"ndivyo asukumikavyo."
Kisha huomba maji.
Baba yake amempima kwenye mizani ya kazini,
ile ya marobota ya mkonge:
kigari kimeandikwa kilo kumi na tano,
mtoto ana kumi na sita na robo.
"Basi," akasema, "hesabu hiyo imekwisha."
Na Kilua, fundi baiskeli wa pale kona:
"Siku ukimtoa, magurudumu niuzie mimi."
Kila mtu ana tarehe yake.
Mimi tu sina.

Siri yangu sijamwambia mtu.
Chini ya kiti pana kikapu,
na kikapuni hukaa ndoo ya maandazi,
mia na ishirini, ya moto,
na kengele ya shule haimsubiri mwenye miguu mifupi.
Mtoto akiwa amefungwa mkanda
hamfuati paka, haokoti kizibo,
hainamii mtaro kuuliza maji yanakwenda wapi.
Nilisema bado mdogo.
Nilimaanisha nimechelewa.

Jumatatu moja akaufungua mkanda mwenyewe. Tak.
Sikuwa nimemfundisha.
Akashuka kwa tumbo, kinyumenyume, kama ashukavyo kitandani,
akaivaa ile glavu mkono wa kulia,
kidole gumba kikatangatanga, hakijui pa kuingia,
akashika bomba:
"Nasukuma mimi."

Kutoka ya Kumi na Nne hadi ya Kumi
ni dakika tisa kwa mguu wangu.
Siku hiyo ilikuwa nusu saa, na zaidi.
Tulisimama kwa kuku aliyefungwa kamba.
Tulisimama kwa baiskeli, kila baiskeli,
na Tanga hii ni baiskeli tupu.
Wenyewe wakapiga kengele ili apishe,
yeye akaamini wanamwamkia,
akawaitikia mmoja mmoja: "Marahaba."
Tulisimama, sijui kwa nini, mbele ya ukuta.
Ulikuwa ukuta tu.
Akaugusa. Tukaendelea.

Maandazi yakapoa.
Mwalimu Mwanamvua akachukua thelathini badala ya hamsini,
akacheka, "Leo dereva mgeni?"
Usiku nikahesabu hasara, shilingi elfu nne,
na sahani ya maandazi ya baridi tuliyokula wenyewe kwa chai,
Mbwana akila kwa mkono wenye glavu.

Ukiniuliza nilikata shauri lini, sina jibu.
Hakuna asubuhi niliyosema leo ndiyo leo.
Nilianza tu kuamka saa kumi na nusu
badala ya kumi na moja,
nikakanda unga gizani, nikimsikia anakoroma,
nikimwekea akiba dakika zake za kupoteza.

Sasa ndoo hukaa juu, kitini,
nami huifunga mkanda ule ule. Tak.
Yeye hutembea ubavuni, ameshika bomba.
Tukifika ya Kumi na Mbili, penye duka la mkaa,
kila siku hapo hapo, huchoka.
Hunyoosha mikono. "Beba."
Hukitazama kiti, huiona ndoo, hasemi kitu.
Namtupa mgongoni, nakaza kanga,
kilo kumi na sita na robo,
magoti yake mbavuni mwangu,
nasukuma maandazi.
Kengele zikilia nyuma yetu
ananiitikia sikioni, kwa sauti ya mtu mzima:
"Marahaba. Marahaba."